Majina ya Kusoma Jumapili

Jumanne

Baraza la kanisa letu huku Kisauni limeamua kwamba mwaka huu Jumapili ya Kumbukumbu, ile ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani, isipite kwa sala moja ya kitabuni kisha tuingie matangazo ya harambee. Kasisi anataka majina ya watu wetu waliokwenda vitani, yasomwe mbele ya madhabahu. "Mwalimu, hiyo ni kazi yako," akasema, na wazee wakaitikia kwa haraka ya watu waliofurahi kwamba hawakutajwa wao. Nilifundisha historia hadi nikastaafu, na mstaafu hana udhuru.

Nimeona nianzie pale serikali yenyewe ilipoweka ukumbusho. Matatu ikanivusha daraja la Nyali, nikashuka Mwembe Tayari. Katikati ya mabasi ya Nairobi, wauza maji na makanga wanaokushika mkono kabla hujasema uendako, wamesimama askari wa shaba. Walisimamishwa miaka ya 1920, kama wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vile ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani. Maneno yaliyoandikwa chini yao, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yalitungwa na Rudyard Kipling. Mwanawe Kipling alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na baba alikufa bila kujua kaburi la mwanawe lilipo. Yaani aliyetunga alikuwa akijua uchungu wa mtu kukosa mahali pa kusimama na kulia.

Maandishi yanawakumbuka askari, kisha wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nimezunguka pande zote. Jina halipo hata moja.

Makanga mmoja kijana aliponiona nikiandika akanisogelea. "Mama, hao si polisi wa mkoloni?" Nikamwambia ni askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na wabeba mizigo. "Walibeba nini?" Nikamweleza: risasi, unga, mahema, vipuri, wagonjwa, na chakula chao wenyewe kikiwapo. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, barabara hazikuwapo, kwa hiyo kila kilo ilipanda kichwani mwa mtu. Kwa hesabu za serikali yenyewe waliokufa upande wa Mwingereza peke yake ni zaidi ya 40,000, na wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga usioiva. Kijana akatazama sanamu tena, akauliza kama walilipwa. Basi likapiga honi akakimbia, nami sikupata nafasi ya kumjibu kwamba walilipwa rupia chache kwa mwezi.

Jumatano

Makaburi ya Mbaraki ni ulimwengu mwingine. Tuktuk iliniacha langoni, nikaingia kwenye kivuli na nyasi zilizokatwa sawasawa. Hapa kuna watu wa Vita vya Kwanza na vya Pili, wakiwemo wanamaji wa enzi zile Kilindini ilipokuwa kituo kikuu cha meli za kivita za Mwingereza katika Bahari ya Hindi. Kila jiwe lina jina la mtu, cheo, kikosi, tarehe ya kufa, na mara nyingi umri. Mwingine ana miaka 19. Mwingine familia yake imeongeza mstari mmoja chini, maneno ya mama kwa mtoto. Nilisoma polepole, na sioni sababu ya kuwanyima hao heshima yangu eti kwa kuwa walikuwa Waingereza. Kijana wa miaka 19 aliyezikwa mbali na kwao ni mtoto wa mtu.

Kinachonisumbua ni kanuni. Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 ikiwa na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la kimapinduzi: jenerali na kuruta wapewe jiwe la aina moja, na kila aliyekufa atajwe kwa jina lake. Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Huku kwetu maofisa wa kikoloni waliamua kwamba Mwafrika haelewi maana ya jiwe la kaburi, sanamu moja ya pamoja inamtosha. Mwaka 2021 Tume ilitoa ripoti iliyoyakiri hayo yote. Watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Radhi nimeipokea. Ila iliyosomwa London haikufika Kisauni ikiwa na orodha. Tangu hapo Tume imekuwa ikichambua hati za kijeshi hapa Kenya kutafuta majina, na hilo ni jema, lakini Jumapili yetu haisubiri.

Mtunza makaburi alinikaribisha maji, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu aliyemo humu. Akacheka. "Basi umekuja kuwatazama majirani."

Alhamisi

Ngomeni, Fort Jesus, asubuhi, kabla ya watalii kujaa. Wageni huwahi ndani kutazama kuta za Mreno, lakini mimi nilikuwa na shida na mizinga. Mmoja ulitoka kwenye meli ya Mjerumani iitwayo Königsberg, na mwingine kwenye Pegasus ya Mwingereza. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivizia Pegasus bandarini Unguja ikaizamisha. Baadaye ikajificha kwenye mikono ya mto Rufiji, ikabanwa humo hadi wenyewe walipoizamisha Julai 1915. Ila Wajerumani hawakuiacha mizinga yake. Waliing'oa, wakaitia magurudumu, na watu wakaivuta kwa kamba, bara na pwani, kupigana nchi kavu vita vya meli iliyokwisha kufa. Leo mizinga mitatu tu ya meli ile inajulikana ilipo: huu wetu, mmoja Jinja na mmoja Pretoria.

Basi mzinga una jina la meli yake, una kipimo cha mdomo wake, sentimita 10.5, na safari yake imeandikwa vitabuni. Walioivuta kamba hawana hata kimoja.

Kutoka Ngomeni hadi Barabara ya Nkrumah ni mwendo wa dakika chache. Kanisa Kuu la Kianglikana pale linaitwa Memorial, na mara nyingi nimewasikia watu wakidhani ni la ukumbusho wa vita. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwakumbuka maaskofu wa mwanzo, akiwemo James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Kuba lake ukiliona kwa mbali utadhani msikiti, na mimi hupenda hivyo. Mfalme Charles alifika hapa Novemba 2023 akakutana na viongozi wa dini mbalimbali. Wiki hiyohiyo alikuwa amekwenda makaburi ya vita ya Nairobi.

Nilikaa ndani kidogo nikitafakari jambo ambalo sisi watu wa kanisa hatulipendi. Kanisa halikuwa mtazamaji. Frank Weston, Askofu wa Unguja, mwaka 1916 aliunda kikosi cha wapagazi akakiongoza yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata, msako wa wapagazi ulipopamba moto nchini, misheni za Ukikuyu zilitoa kikosi chao chini ya Daktari John Arthur, vijana wa misheni chini ya wamisheni wao, na wengi wao walirudi salama kuliko wapagazi wengine, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyewajua, aliyehakikisha wanakula kilichoiva. Hilo linaniambia kwamba vifo vile elfu na elfu havikuwa lazima. Sijui kama nitalisema Jumapili. Nadhani nitalisema.

Ijumaa

Shule moja mjini nilitaka sana kuiona: Allidina Visram. Watu wengi waliosoma hapo wanajua jina la tajiri aliyekumbukwa kwayo. Wachache wanajua kwamba mwaka 1942, baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili, Mwingereza aliwahamisha wavunja fumbo wake wa jeshi la majini akawaleta Mombasa, na akaitwaa shule hii iwe ofisi yao. Darasani, penye ubao wa chaki, waliketi wanaume kwa wanawake wakifumbua ujumbe wa siri wa meli za Japani. Mawimbi ya redio yalikuwa yakifika kwa shida kwa sababu ya umbali, hata hivyo mwishoni mwa 1942 walifanikiwa kuuvunja msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mwaka 1943 wakarejea Colombo, na shule ikarudi kuwa shule.

Sikuingia. Watahiniwa wa Kidato cha Nne wapo ndani, na siku za KCSE mgeni havuki lango, hata awe mwalimu wa zamani. Nami nisingetaka avuke.

Hapohapo langoni ndipo jibu la swali langu liliponijia. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini shule zetu hazina desturi ya kuwakumbuka waliokwenda vitani, ilhali kwingine duniani watoto hupanga mstari tarehe 11 Novemba, wakasoma majina ya wanafunzi wa zamani ubaoni. Watu husema ni kwa sababu vita vile havikuwa vyetu. Huenda. Lakini kuna sababu rahisi zaidi: kalenda. Novemba shule ya Kenya ina watahiniwa na wasimamizi, wengine wote wako nyumbani. Hakuna gwaride, hakuna wa kuambiwa hadithi. Rafiki yangu anayefundisha historia katika shule ya sekondari ya huku kwetu, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, nilipompigia simu, alisema jambo hilohilo kwa ukali zaidi: "Dada, mada ya vita naifundisha muhula wa pili. Nifanye ukumbusho Novemba na nani, na mabenchi?"

Akanieleza anachofanya. Kila mwaka huwapa wanafunzi wake insha: nenda kamuulize mtu mzee kuliko wote nyumbani kwenu ni nani katika ukoo aliwahi kwenda vitani, vita vyovyote. Mwanzoni watoto husema hakuna. Wiki ya pili wanakuja na habari za babu aliyekwenda Bama (Burma, sasa Myanmar) katika Vita vya Pili, na mjomba aliye Somalia sasa hivi. Nikamwomba majina. Amekubali, ila kwanza aombe ruhusa ya familia. Sawa kabisa.

Alasiri, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda Mji wa Kale kumwona mzee mmoja ambaye marehemu mume wangu alikuwa akinunua kwake kahawa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, keti." Kikombe cha kahawa chungu, kipande cha kashata, kisha habari za watu wote mpaka ujukuu. Nilipomtajia Arab Rifles akainua kichwa. Kikosi kile cha watu wa Pwani kiliundwa mwaka 1914 na Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kwenda Makka kwa kujificha, akijifanya Mswahili wa Unguja. Aliuawa Mwele, upande wa Kwale, Januari 1916, pamoja na baadhi ya watu wake.

"Wavell yuwajulikana," mzee akasema. "Hao wengine je?"

Nikamwambia ndiyo kazi niliyotumwa, ila kanisani. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Sisi hatungoji Novemba, mwanangu. Maiti wetu twamsomea hitima, na kila Ijumaa twamwombea. Lakini wewe andika. Dua yafika bila karatasi, wajukuu hawafiki bila karatasi." Kisha akanipa majina mawili ya ukoo wake, kwa sharti kwamba kanisani yasisomwe, yaandikwe tu. Nimeyaandika ukurasa wa peke yake.

Jumamosi

Siku ya kutembea kwa miguu. Nilianzia kwa mama mmoja wa Chama cha Akina Mama, nyuma kidogo ya Kengeleni. Ana picha ya babu yake akiwa na kofia ya Keya, ukingo mmoja wa picha umeliwa na mchwa. Babu alikwenda Bama mwaka 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, akarudi. Kitu pekee alichosimulia nyumbani ni matope. Mengine aliyabeba mwenyewe hadi alipokufa.

Nilipofika Kengeleni penyewe, penye mnara wa kengele wa Frere Town, nilisimama kidogo. Makazi haya yaliwekwa na wamisheni miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wajukuu wa waliofika hapa minyororo ikiwa imekatwa juzijuzi, ndio hao baadaye Mwingereza aliwataka wakabebe mizigo. Niliacha wazo hilo hapo, maana jua lilikuwa kali.

Nyumba ya pili ndiyo iliyonichukua mchana mzima. Mzee wa Kigiriama, kipofu sasa, anaishi kwa binti yake. Yeye hakuanza na vita vya Mjerumani. Alianza na Mekatilili wa Menza, na alikuwa sahihi. Mwaka 1913 Mwingereza alitaka kodi na vijana wa kazi. Mekatilili akawalisha watu kiapo wakatae. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka, akakamatwa tena. Agosti 1914, wiki zilezile ambazo Ulaya inaingia vitani, Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti na vijiji vikachomwa. Wagiriama waliposhindwa walitozwa faini, na juu yake wakatakiwa kutoa watu elfu moja wakawe wapagazi.

"Sasa wewe, mwanangu," mzee akasema, "hao mtawasoma Jumapili mkisema walitumikia? Walitumikia nani?"

Binti yake akataka kumtuliza, nikamwambia amwache. Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba hatusomi sifa, tunasoma majina. Mtu aliyefungwa kamba akapelekwa Voi, akafa kwa kuhara njiani kwenda Taveta, anastahili zaidi kutajwa kuliko aliyejiandikisha kwa hiari yake, kwa sababu huyu wa hiari angalau alichagua. Mzee alinyamaza, halafu akalitaja jina. Ndugu wa babu yake. Jina moja tu, na jina la baba yake. Akalirudia pole pole ili niliandike sawa, akaniagiza nimsomee. Nikasoma. Akanisahihisha herufi moja.

Jioni, nikipanga orodha, nimeongeza kundi ambalo hakuna mtu aliyeniletea. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani yake walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki karibu elfu moja, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga topido, ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Walikufa watu 1,297. Wapiganaji hao wa mizinga, tofauti na wapagazi, majina yao yameandikwa: yako Nairobi, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki katika makaburi ya Ngong Road. Lakini bandari waliyoondokea ni hii yetu, na naona ni aibu Mombasa kutowataja.

Jumapili

Ibada ya pili, kanisa limejaa. Vijana wa Brigedi wamekuja na ngoma zao na tarumbeta mbili, moja ikiwa na kibonyezo kinachokwama. Kasisi alichagua somo kutoka Yoshua bin Sira sura ya 44, pale anaposema kuwa wapo walioacha jina na wapo wasio na ukumbusho wowote, waliotoweka kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Biblia yetu ya kawaida haina kitabu hicho, ikabidi tuazime ya parokia ya Kikatoliki jirani. Paroko wao aliitoa kwa furaha, akatukumbusha kwa utani kwamba wao mwezi wote wa Novemba ni wa marehemu, na bahasha za majina huwa madhabahuni tangu tarehe 2. Ni kweli. Katika jambo hili Wakatoliki wametutangulia.

Saa tano kamili tulisimama kimya dakika mbili. Watoto wawili walilia, matatu ikapiga honi nje. Tarumbeta ikapiga, kibonyezo hakikukwama.

Kisha nikasoma. Nilipanga dakika tano, zikawa ishirini, kwa sababu nilipomaliza orodha kasisi aliuliza kama kuna mwenye jina la kuongeza, na watu wakaanza kusimama. Baba mmoja wa KAMA, chama cha wanaume wa Kianglikana, alitaja wawili wa ukoo wake ambao hakuniambia nilipomtembelea. Dada mmoja wa kwaya, kijana bado, alisimama akataja jina la mumewe, akasema, "El Adde, 2016," ile kambi ya jeshi letu Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab, akaketi. Hakuna aliyetarajia. Sote tulikuwa tumekuja na babu zetu, yeye alikuja na baba wa watoto wake. Kasisi alishuka akaenda kumshika mkono, na ibada ikasimama muda mrefu kuliko zile dakika mbili.

Mzee mmoja wa baraza alinilalamikia mlangoni: kanisa litageuzwa jukwaa la siasa, eti Mekatilili ametajwa kwenye mahubiri. Nikamwambia ametajwa kwa sababu bila yeye orodha haieleweki. Hakuridhika. Tutaendelea naye barazani.

Jumatatu, tarehe 11

Leo ndiyo siku silaha zilinyamaza Ulaya mwaka 1918, saa tano asubuhi. Huku kwetu hazikunyamaza. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado anapigana huko Zambia ya leo, habari ikamfikia siku kadhaa baadaye, na akasalimisha jeshi lake Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Wiki mbili nzima baada ya Ulaya kupiga kengele za amani, wapagazi wetu walikuwa bado wana mizigo kichwani.

Nimelipeleka hilo kwenye kikao cha jioni, na baraza limekubali, yule mzee akipinga. Jumapili ya Kumbukumbu itabaki pamoja na dunia nzima. Tarehe 25 tutakuwa na sala fupi ya wapagazi, saa kumi na moja jioni, na Waislamu wa mtaa watapewa mwaliko. Ya shule itafanyika Julai, muhula wa pili, madarasa yakiwa yamejaa. Rafiki yangu mwalimu atawaleta wanafunzi wake wasome wenyewe insha zao, familia zikiridhia. Kwa mwaka ujao nimeombwa niandike Nairobi kuulizia majina ya waliotoka Pwani walioko kwenye ukumbusho wa Ngong Road, nami nimekubali, ingawa nauli ya kufuatilia haikutajwa.

Daftari liko kwa katibu wa kanisa kila Jumapili baada ya ibada ya pili. Anayeandika aweke jina la aliyekwenda, jina la baba yake, kijiji, vita alivyokwenda kama vinajulikana, na jina la aliyesimulia. Jina moja tu likiwepo, linapokelewa. Ukurasa wa mwisho ni wa wale ambao familia zao hazitaki wasomwe kanisani.